Ngao ya Chura

Michael Zasloff aliwapasua vyura kwa sababu alihitaji mayai yao. Alikuwa daktari na mtafiti katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, mjini Bethesda, jimbo la Maryland, na kazi yake haikuhusu vidonda hata kidogo. Yai changa la chura ni kubwa, ni rahisi kulidunga sindano, na ndani yake mtu anaweza kuchunguza jinsi seli inavyosoma maagizo ya jeni zake. Basi alikuwa akimlaza chura kwa dawa, akimpasua tumbo, akitoa kipande cha ovari, akimshona kwa uzi, kisha akimrudisha tangini. Maji ya tangi hilo yalikuwa na kinyesi cha vyura, mabaki ya chakula na bakteria wasio na idadi.

Vidonda vikapona. Havikuvimba wala kutunga usaha. Katikati ya miaka ya 1980 ikafika siku Zasloff akaacha kuliona jambo hilo kuwa la kawaida. Kwangu mimi, ugunduzi wenyewe uko hapo, kabla hata hajagusa chombo cha maabara. Vyura wa aina hiyo walikuwa wameshapasuliwa na kushonwa na watafiti wengine kwa miaka mingi, na wote walikuwa wameona kidonda kikifunga katika maji machafu. Yeye akajiuliza: kwa nini chura huyu hafi?

Chura mwenyewe ni wetu. Jina lake la kisayansi ni Xenopus laevis, chura mwenye kucha wa kusini mwa Afrika, asiye na ulimi, anayeishi majini karibu maisha yake yote. Jamaa zake wa karibu wako Kenya na Tanzania, kwenye madimbwi na mashamba ya mpunga. Alifika Ulaya na Marekani kwa njia ya ajabu: kuanzia miaka ya 1930, ukimdunga chura jike mkojo wa mwanamke mjamzito, alitaga mayai kabla siku haijaisha. Hicho ndicho kilikuwa kipimo cha mimba. Vyura wakasafirishwa kwa maelfu kutoka Afrika Kusini, na kipimo hicho kilipopitwa na wakati, maabara zilibaki na vyura ambao tayari zilijua kuwafuga.

Zasloff aliichunguza ngozi. Agosti 1987 alitangaza kwamba amepata humo peptidi mbili zinazoua bakteria wa aina nyingi. Peptidi ni protini fupi. Ukichukulia protini kuwa mkufu mrefu wa shanga, na kila ushanga ni asidi amino moja, peptidi ni kipande kidogo cha mkufu huo. Insulini, ambayo wengi wetu tunaijua kwa sababu ya kisukari, ina shanga 51. Kila moja kati ya peptidi za chura ina 23 tu. Akaziita magainini, kutoka neno la Kiebrania lenye maana ya ngao.

Habari za ngao hiyo nilizisoma kitabuni nikiwa kwenye benchi la wodi, mwaka ambao shangazi yangu alilazwa kwa kidonda cha mguu. Ana kisukari. Alikanyaga kitu uani, hakuhisi maumivu kwa sababu mishipa ya fahamu ya nyayo ilikuwa imekwisha kufa ganzi, na alipokuja kuona unyevu kwenye kandambili, kidonda kilikuwa na wiki nzima. Muuguzi alikuja na karatasi ya majibu ya maabara. Safu moja ilikuwa na majina ya dawa, safu ya pili herufi. Herufi moja inasema dawa bado inamuua bakteria, nyingine inasema bakteria amekuwa sugu. Ile ya usugu ilishuka karibu hadi chini ya karatasi.

"Mama, nyumbani ulikuwa unatumia dawa gani?" muuguzi aliuliza.

"Vile vya rangi mbili, mwanangu. Nikizidiwa nameza, nikipata nafuu naviweka kabatini, vitanifaa siku nyingine."

Muuguzi hakumgombeza. Aliandika, akakunja karatasi, akasema atamwita daktari. Nami nilikaa nikimwaza chura wa Bethesda kwenye maji yake machafu, tumbo limeshonwa na limepona.

Sitaki msomaji adhani kwamba usugu ni hadithi ya shangazi na kabati lake. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022, watu milioni 1.27 duniani walikufa mwaka 2019 kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa, na eneo lililoumizwa zaidi kwa kiwango cha vifo ni Afrika Magharibi kusini mwa Sahara. Huku kwetu dalili zilionekana mapema. Watoto waliolazwa hospitali ya Muhimbili kati ya 2001 na 2002 walifuatiliwa na watafiti, na ikaonekana kwamba wale waliokuwa na bakteria wa kundi liitwalo gramu hasi katika damu walikufa kwa kiwango kinachozidi mara mbili kile cha wenye malaria. Usugu wa bakteria hao ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyotabiri nani angekufa. Tumezoea kuiogopa malaria. Ugonjwa uliokuwa ukiua kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili yake wodini hauna hata jina moja ambalo kila mama analijua.

Turudi kwenye ngozi ya chura, maana inafaa kujua ngao hii inapiganaje.

Antibiotiki nyingi hufanya kazi kwa kumtafuta mfanyakazi mmoja ndani ya bakteria. Penisilini humshika fundi anayejenga ukuta wa seli. Siprofloksasini humshika yule anayefungua na kufunga mikunjo ya DNA. Ndiyo maana zina nguvu, na udhaifu wao unatoka hapohapo: fundi huyo akibadilika umbo kidogo tu, dawa haimtambui tena. Bakteria hugawanyika haraka, na katika mamilioni ya watoto wake hakosekani mmoja mwenye badiliko hilo.

Magainini haimtafuti fundi yeyote. Inaufuata utando, yaani ngozi yenyewe ya bakteria. Utando wa bakteria una chaji hasi kwa nje, na peptidi hizi zina chaji chanya, kwa hiyo huvutwa kwake kama sumaku. Utando wa seli zetu, upande wa nje, hauna chaji hasi ya namna hiyo, tena una kolesteroli inayoukaza. Peptidi inapoelea majini haina umbo maalumu, inalegea kama uzi. Ikigusa utando wa bakteria hujisokota ikawa kama skrubu, upande mmoja unaopenda mafuta na upande wa pili unaopenda maji. Upande wa mafuta huzama ndani ya utando, ule wa maji hubaki nje. Zikikusanyika za kutosha, utando unatoboka, chumvi na nishati vinavuja, na bakteria anakufa kwa dakika badala ya saa.

Zasloff hakuwa wa kwanza kupita njia hii. Nchini Sweden, Hans Boman alikuwa ameuliza swali linalofanana na lake kuhusu wadudu. Mdudu hana kingamwili kama sisi, lakini hutambaa kwenye uozo maisha yake yote. Boman na wenzake waliwadunga bakteria mabuu-bubu wa nondo mkubwa wa Marekani, wakakamua kimiminika cha ndani, na mwaka 1981 wakatangaza peptidi walizoziita sekropini. Karibu na wakati huohuo Robert Lehrer na wenzake huko Los Angeles walikuwa wakizipata peptidi za aina hii ndani ya seli nyeupe za damu, za sungura na kisha za binadamu. Wakaziita difensini.

Kwa hiyo ngao haikuwa ya chura peke yake. Unayo wewe unayesoma. Iko kwenye jasho lako, kwenye machozi, kwenye utumbo mwembamba ambako seli maalumu hukaa mashimoni zikimwaga difensini dhidi ya wageni wa chakula. Moja ambayo binadamu anayo inaitwa LL-37, na hiyo 37 ni idadi ya shanga zake. Mwili hutumia vitamini D kuiwasha. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba seli zetu zikikosa vitamini hiyo hushindwa kuitengeneza ipasavyo zinapokutana na bakteria wa kifua kikuu. Wako pia watoto wanaozaliwa na ugonjwa adimu uitwao wa Kostmann. Hata pale dawa inapowarudishia idadi ya seli zao nyeupe, seli hizo hazina LL-37, na ufizi wao huoza wangali wadogo. Ukitaka kujua kazi ya mlinzi, tazama nyumba siku asipokuwepo.

Zasloff alishiriki kuanzisha kampuni huko Pennsylvania ili magainini iwe dawa. Matumaini yalikuwa makubwa na sababu zake zilieleweka. Utando ni kitu cha msingi mno kwa bakteria, watu walisema. Ataubadilishaje bila kujiua? Chura ametumia silaha hii kwa mamilioni ya miaka na bado inakata.

Vikwazo vilionekana haraka. Peptidi ni protini, ukiimeza tumbo litaimeng'enya kama nyama. Ukiichoma kwenye mshipa, vimeng'enya vya damu vinaikatakata, na ukiongeza kipimo ili ishinde, inaanza kutoboa hata chembe nyekundu za damu. Kuitengeneza maabara, ushanga kwa ushanga, ni ghali. Ikabaki njia moja iliyo wazi: kuipaka. Wakaunda mfano wake wenye shanga 22 uitwao peksiganani, wakaiweka kwenye krimu, na wakachagua ugonjwa wa kuutibu. Walichagua kidonda cha mguu cha wenye kisukari.

Nilipofika kwenye mstari huo pale benchini, nilifunga kitabu kwa muda.

Wagonjwa 835 walishiriki katika majaribio mawili. Wengine walipakwa peksiganani, wengine walimeza ofloksasini, antibiotiki ya kawaida. Matokeo yalilingana kwa kiasi kikubwa. Tena kulikuwa na jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilistahili uzito zaidi: kwa baadhi ya waliomeza ofloksasini bakteria sugu walijitokeza, ilhali kwa waliopakwa peksiganani usugu wa maana haukuonekana. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani iliikataa. Haikuridhika kwamba krimu hiyo ilikuwa imethibitisha kazi yake. Kampuni nyingine iliifufua miaka ya baadaye, safari hii ikiilinganisha na krimu tupu isiyo na dawa. Mwaka 2016 matokeo yakatoka: haikuishinda krimu tupu.

Ni rahisi kulisoma hilo kama kushindwa kwa peptidi. Mimi nalisoma pia kama habari za vidonda. Katika majaribio hayo makundi yote mawili yalihudumiwa vizuri, kidonda kikisafishwa na kufungwa inavyotakiwa. Matunzo hayo peke yake hutibu sana, na dawa mpya italazimika kufanya kitu kikubwa ili ionekane juu yake. Nimemwona shangazi akisafishwa mguu kila asubuhi na muuguzi yuleyule, kwa utulivu wa mtu anayeosha mchele, na sioni aibu kusema kwamba wakati ule ningeichagua mikono ile kuliko krimu yoyote.

Lakini kuna swali zito kuliko la krimu, na ndilo lililonifanya niandike sura hii. Je, ni salama kuigeuza ngao ya mwili kuwa dawa ya dukani?

Mwaka 2003 Graham Bell, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, pamoja na Mfaransa Pierre-Henri Gouyon, waliandika onyo. Hoja yao ilikuwa hivi. Antibiotiki za kawaida nyingi zinatoka kwa ukungu na bakteria wa udongoni. Bakteria akizizoea, tunapoteza dawa. Peptidi hizi zinafanana na zile ambazo mwili wetu unajitengenezea. Bakteria akizizoea, huenda tukapoteza zaidi ya dawa: atakuwa amejifunza kuupita ulinzi tuliozaliwa nao, ule unaomlinda mtoto kabla hata hajachanjwa, ule unaoziba mchubuko wa goti bila mtu kwenda hospitali.

Zasloff hakukubali. Aliamini usugu dhidi ya peptidi ni mgumu mno kutokea. Wakaamua kufanya wanachopaswa kufanya wanasayansi wanapobishana, wakalipima jambo hilo pamoja. Gabriel Perron, aliyekuwa akifanya kazi na Bell, alichukua koo 24 za bakteria, akawakuza kwenye peksiganani kizazi baada ya kizazi, dozi ikipanda kidogo kidogo. Baada ya vizazi kati ya 600 na 700, koo 22 kati ya 24 zilikuwa sugu. Makala ilitoka mwaka 2006, na jina la Zasloff limo kati ya waandishi wake. Namheshimu zaidi kwa makala hiyo kuliko kwa ile ya chura. Kuweka sahihi yako chini ya matokeo yanayobomoa tumaini lako la miaka ishirini si jambo dogo.

Miaka sita baadaye jaribio jingine lilionyesha kile Bell alichokihofia hasa: bakteria wa Staphylococcus aureus waliozoeshwa peksiganani waliweza pia kuvumilia difensini ya seli nyeupe za binadamu. Hiyo ilikuwa ndani ya vioo vya maabara. Nje, kwenye mabanda ya nguruwe, jambo kama hilo lilikuwa likiendelea bila mtafiti wa kulipanga.

Kuna peptidi moja ya zamani iitwayo kolistini. Waliigundua Wajapani mwishoni mwa miaka ya 1940, ndani ya bakteria wa udongo. Inafanya kazi kwa namna ya jamaa zake, ikivutwa na chaji hasi ya utando. Iliumiza figo, kwa hiyo dawa salama zaidi zilipopatikana madaktari waliiweka kando. Usugu ulipozidi wakairudia, na leo ni miongoni mwa dawa za mwisho kwa mgonjwa ambaye hakuna kingine kinachomfaa. Wakati huohuo wafugaji katika nchi kadhaa walikuwa wakiichanganya kwenye chakula cha mifugo kwa tani nyingi, mifugo isiyoumwa, ili inenepe.

Mwishoni mwa 2015 wanasayansi wa China walitangaza jeni waliyoiita mcr-1, waliyoipata kwa nguruwe, kwenye nyama ya buchani na kwa wagonjwa. Jeni hii humfundisha bakteria kupunguza chaji hasi ya utando wake, na kolistini ikikosa cha kuivuta, haishiki. Iko kwenye plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria mmoja humpa mwenzake kama jirani anayeazima moto. Katika muda mfupi ilionekana katika mabara mengi. Mwaka 2023 watafiti walipoijaribu dhidi ya peptidi za kinga za binadamu, za nguruwe na za kuku, waliona kwamba bakteria wenye mcr-1 walizistahimili hizo pia. Nguruwe alipewa kolistini anenepe. Bakteria wake wakapata njia ya kuikwepa kinga yake, na yetu.

China ilichukua hatua. Kuanzia 2017 ilipiga marufuku kolistini kwa ajili ya kunenepesha mifugo. Uzalishaji wa kolistini ya kuchanganya na chakula cha mifugo ulishuka kutoka tani 27,170 mwaka 2015 hadi tani 2,497 mwaka 2018. Kati ya bakteria waliochukuliwa kwa nguruwe na kupimwa, walio sugu kwa kolistini walipungua kutoka asilimia 34 hadi asilimia 5.1. Bakteria hawabebi mzigo bure, hii jeni inawagharimu, na shinikizo likiondoka wengi huitupa. Nikiulizwa ni habari gani moja katika sura hii ningependa imfikie kila mtu mwenye banda la kuku kuanzia Kiambu hadi Mbeya, ni hii.

Utafiti haujasimama. Kuna peptidi ambazo tayari ziko mezani kwako bila wewe kujua: nisini, inayotengenezwa na bakteria wa maziwa, inahifadhi jibini na vyakula vingine kwa miongo mingi sasa. Daptomaisini, peptidi yenye mkia wa mafuta, iliidhinishwa Marekani mwaka 2003 na inaokoa watu wenye maambukizi ya damu. Kompyuta nazo zinachambua DNA za vijidudu vya dunia nzima. Mwaka 2024 kundi moja la watafiti lilitangaza orodha ya peptidi 863,498 zinazodhaniwa kuua bakteria, wakatengeneza 100 kati yake, na 79 zikafanya kazi maabara. Namba hizo zinavutia. Hata hivyo tatizo letu halijawahi kuwa uhaba wa peptidi zinazoua bakteria kwenye kioo.

Kinachonipa tumaini zaidi ni zile zinazoacha kutoboa utando na kwenda mahali mahususi. Zosurabalpini, iliyotangazwa mwaka 2024 na watafiti wa Roche na Harvard, ni peptidi ya mduara iliyobuniwa dhidi ya Acinetobacter baumannii peke yake, bakteria anayeua wagonjwa walio mahututi. Inaziba mashine inayobeba mafuta maalumu kwenda kwenye utando wa nje. Haifanani na silaha za mwili wetu, kwa hiyo bakteria akiizoea, LL-37 yako itabaki na makali yake. Usugu hautakosekana, lakini utakuwa usugu wa dawa moja, wala si wa ngozi yetu.

Na LL-37 yenyewe imejaribiwa kama dawa. Wagonjwa 34 wenye vidonda sugu vya miguu vinavyotokana na mishipa mibovu ya damu walishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2014. Vipimo viwili vya chini viliharakisha kupona. Kile cha juu kabisa hakikuonyesha faida. Jaribio kubwa lililofuata halikutoa jibu la wazi kwa wagonjwa wote. Kwenye kingo za vidonda vilivyokaa muda mrefu LL-37 huwa imepungua mno au haipo kabisa, wakati kwenye kidonda kipya chenye afya hujaa siku za mwanzo, ikiua bakteria na pia ikiziita seli za ngozi zisogee zifunge pengo.

Shangazi alipoteza vidole viwili. Sukari ikashushwa, dawa moja kati ya zile chache zilizobaki kwenye karatasi ikapatikana, akakatazwa kukanyagia mguu ule kwa wiki nyingi, na kila asubuhi muuguzi alikuja na sahani yake ya vifaa. Asubuhi moja alifungua bandeji akainama kuliko kawaida, akauchunguza ukingo wa kidonda kwa tochi ya simu. Palikuwa na mstari mwembamba wa waridi, usiozidi upana wa uzi.

"Mama, tazama hapa," alisema. "Ngozi imeanza kusogea."

Shangazi hakuweza kuona vizuri kutoka alipolala. Akaniomba nimwambie ni rangi gani.